Kihamba hakina tija? Umegawanya kwa nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu, naishi Dar es Salaam, kwetu ni Kibosho, Kilimanjaro. Wazazi wana kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, cha kama ekari moja na nusu: kahawa, migomba na ng'ombe wawili wa ndani. Baba ana miaka 78. Sisi watoto tuko wanne na wote tuko mjini. Kaka mkubwa anasema kihamba hakina tija, tung'oe kahawa tumkodishie mtu anayekusanya vihamba vya majirani apande parachichi, au tugawane kila mtu achukue kipande chake. Nimepiga hesabu za mwaka jana kwenye Excel. Tuliuza kilo 140 za kahawa ya maganda, Sh 980,000. Dawa na mbolea Sh 300,000. Kazi ya baba na mama siku 190, nimeziwekea Sh 8,000 kila siku. Hasara Sh 840,000. Je, mashamba madogo yanakufa kwa sababu kweli hayana ufanisi, na sisi tunayang'ang'ania kwa huruma tu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu. Hesabu yako haina kosa la kujumlisha. Kosa liko kwenye kuchagua nini kiingie na nini kiachwe, na si lako peke yako. Wizara, benki na wafadhili wamelifanya miaka mingi kabla hujazaliwa.

Neno "tija" tunalitumia kana kwamba ni kitu kilichomo ardhini kama rutuba, ukichimba unakikuta. Sivyo. Tija ni sehemu, ile ile ya shule ya msingi: juu kuna mavuno, chini kuna kitu unachogawanyia. Ukigawanya kwa ekari unapata jibu moja. Ukigawanya kwa saa za mtu kazini unapata jingine. Kwa shilingi iliyokopwa benki, la tatu. Kwa lita ya dizeli, la nne, na hapo mama yako anawaacha mbali wakulima wote wa matrekta wa Iowa kule Marekani. Kaka yako akisema kihamba hakina tija, kabla hamjagombana muulize kwa upole: kaka, umegawanya kwa nini?

Wewe umegawanya kwa siku za kazi, halafu ukazipa bei. Siku 190 kwa Sh 8,000 ni Sh 1,520,000. Hiyo ndiyo hasara yako yote, na chenji inabaki. Ukiifuta, kahawa ilibakiza Sh 680,000. Sasa niambie: baba yako akifunga kihamba kesho, akashuka Moshi mjini asubuhi na jembe begani, nani atampa hiyo Sh 8,000? Hakuna. Mzee wa miaka 78 hana soko la kazi nje ya shamba lake. Siku yake ni mali pale kwenye migomba. Akivuka geti inakuwa siku ya kukaa kwenye benchi. Mrusi mmoja aliyeitwa Aleksandr Chayanov alilieleza jambo hili miaka ya 1920: familia ya wakulima haijilipi mshahara, inapima uchovu wake dhidi ya mahitaji yake, kwa hiyo ukiipigia hesabu za kiwanda utaiona imefilisika kila mwaka na kila mwaka utaikuta bado inalima. Serikali ya Stalin, iliyokuwa ikiyakusanya mashamba ya wakulima kwa nguvu, haikutaka kusikia. Chayanov alipigwa risasi mwaka 1937.

Lakini usifurahi haraka, maana hesabu hiyo hiyo inakugeukia wewe. Saa yako ya uhasibu ina bei, na inalipwa mwisho wa mwezi. Ukiiacha Dar ukaenda kupalilia kahawa, utakuwa unatupa fedha. Basi ukweli ni huu: kihamba kinamlipa asiye na mahali pengine pa kuuza saa zake, na kinamuadhibu aliye napo. Wazazi wenu waliwasomesha kwa kahawa hiyo mpaka saa zenu zikawa ghali kuliko kahawa. Hapo sioni kushindwa kwa shamba. Naona shamba lililofanya kazi iliyotumwa.

Ngoja nikusimulie kitu. Mwaka 1987 nilikuwa afisa ugani kijana, nimepelekwa Machame kuhesabu. Nilikuwa na ubao wa kuandikia, kamba ya kupimia na fomu. Fomu ilikuwa na safu nne: jina la mkulima, eneo, zao, mavuno. Bibi mmoja alinipokea akiwa anakatakata mgomba wa ng'ombe. Nikamuuliza, "Bibi, zao lako ni lipi?" Akasema, "Lipi?" Nikasema, "La humu kihambani." Akaweka panga chini, akacheka, akaniambia nimfuate.

Juu kabisa kulikuwa na mringaringa na mruka, vya kivuli na vya mbao siku mtoto akioa. Kwenye shina la mruka kilipanda kiazi kikuu, na kwenye tawi ulining'inia mzinga wa nyuki. Chini ya miti hiyo, migomba: mchare wa kupika mtori, kisukari cha wajukuu, na kitarasa. Chini ya migomba, mibuni. Chini ya mibuni, magimbi upande wa mfongo (mfereji wa maji), maharage upande wa jua, na mboga karibu na jiko. Mkojo wa ng'ombe ulitoka zizini kwa kijifereji ukaishia kwenye shimo la mgomba. Maji ya mfongo yalikuja kwa zamu, na zamu yake aliijua kuliko kalenda. Mpakani ilisimama mimea ya masale, ambayo ukimpelekea mtu jani lake anajua umekuja kuomba radhi. Na nyuma ya nyumba walilala waliomtangulia.

Nilisimama pale na kalamu kama mtu aliyesahau jina lake. Mwishowe nikaandika kama walivyoandika wenzangu wote: zao, kahawa, mavuno, kilo 160. Vingine vyote havikuwa na safu. Fomu ikaenda wilayani, ikaenda mkoani, ikawa takwimu, na takwimu ikasema kihamba kina tija ndogo. Mimi ndiye niliyeiandika, kwa hiyo najua ilivyopikwa. (Wataalamu wa mimea waliokuja baadaye walihesabu kwenye vihamba vya Kilimanjaro aina zaidi ya 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati ya hizo zimejiotea zenyewe. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nalo limekiweka kihamba cha Shimbwe Juu kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Cheti kizuri, ila hakilipi ada ya shule.)

Kwa upande wa ekari, jambo hili si la Wachaga tu. Mwaka 1962 mchumi wa Kihindi Amartya Sen aliandika kuhusu takwimu za mashamba ya India zilizoonyesha kwamba shamba linapokua, mavuno kwa ekari hushuka. Wataalamu wamebishana tangu hapo: wengine wanasema wadogo wameshika udongo mzuri, wengine wanasema vipimo vina makosa. Mimi naona hoja hizo zina uzito lakini haziliui jambo lenyewe. Watafiti waliokusanya hesabu za dunia kwa ajili ya FAO mwaka 2021 walikuta mashamba yasiyofika hekta 2 ni asilimia 84 ya mashamba yote, yamekalia kama asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo, na yanatoa karibu asilimia 35 ya chakula. Hao ndio tunaoambiwa hawana ufanisi.

Na kuna swali ambalo huwa nawauliza wanafunzi wangu kila mwaka. Kama mkubwa anamshinda mdogo kwa uwezo tu, kwa nini mara nyingi alihitaji sheria imsaidie? Nchini Kenya wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa. Katika miaka ya 1930 wakaruhusiwa wachache, Kisii, Meru na Embu, kwa masharti, na mlango haukufunguliwa sawasawa mpaka miaka ya 1950. Huku Kilimanjaro walowezi walitaka katazo hilo hilo miaka ya 1920. Walisema mibuni ya Waafrika italeta magonjwa na kuharibu ubora. Hofu nyingine hawakuipigia kelele sana: Mchaga mwenye kahawa yake haendi kufanya kibarua kwa mlowezi. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya, akawa upande wa Wachaga, nao wenyewe wakaunda chama cha wapanda kahawa mwaka 1925 kujilinda. Mtu hajengi ukuta kumzuia asiyeweza kukimbia.

Wakati mkubwa alipoachiwa uwanja wote, na fedha, na matrekta, tulimwona Kongwa, Dodoma. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulikuja kutembea Tanganyika wiki chache, ukarudi na mpango wa karanga wa zaidi ya ekari milioni 3. Walileta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Walipanda zisizofika 8,000. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe, udongo wenye mfinyanzi ukakauka kama saruji karanga zikiwa ndani, na mvua ya Ugogo ikafanya inavyofanya siku zote. Mpango ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Mgogo yeyote mwenye mbuzi kumi angewaeleza habari ya mvua ile bila malipo. Sisemi kila shamba kubwa ni Kongwa. Mkonge, chai na miwa vimelimwa kwa ukubwa na vimelipa. Nasema tu ukubwa wenyewe si akili.

Sasa, kama mdogo hashindwi shambani, mbona anapotea? Kwa sababu anashindwa getini.

Chukua kilo zako 140. Mnunuzi ana lori la tani 10. Ili alijaze kwa watu kama baba yako anahitaji kaya 72. Mizani itapanda na kushuka mara 72, magunia 72 yatakaguliwa unyevu, majina 72 yataandikwa, na yatakuwapo malalamiko ya mzee mmoja anayedai mizani imemwibia nusu kilo, na pengine kweli imemwibia. Kwa mwenye ekari mia tano ni geti moja, saini moja, hundi moja. Benki ni hivyo hivyo. Ofisa mikopo anatumia muda karibu ule ule kumchunguza anayeomba laki tano na anayeomba milioni mia tano, na ni mmoja tu kati ya hao anayemlipia muda huo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayotaka kila kahawa inayoingia kwao ijulikane imetoka kwenye kipande gani cha ardhi, kwa vipimo vya ramani, ili isiwe imekata misitu. Nia si mbaya. Lakini hesabu mwenyewe: ramani 72 kwa lori moja, au ramani moja.

Huo ndio ufanisi ambao jamii inaupenda, na ni vizuri tuuite kwa jina lake. Ni ufanisi wa anayenunua, anayekopesha na anayekagua. Jembe halimo kwenye hesabu hiyo.

Na nisiwe mnafiki. Jamii hiyo ni mimi na wewe. Mayai unayonunua Kimara au Tabata huenda yametoka kwenye banda la kuku elfu kadhaa, kwa sababu trei yake ni nafuu na mayai yanalingana. Wamarekani walikwenda njia hii mpaka mwisho wake. Mwaka 1935 walikuwa na mashamba milioni 6.8, mwaka 2022 yalibaki milioni 1.9. Leo Mmarekani anatumia kama dola 10 au 11 katika kila 100 za kipato chake kwa chakula, na hilo si jambo dogo, hasa ukiwa maskini. Lakini haikuwa mvua iliyowaondoa wale mamilioni. Miaka ya 1970 waziri wao wa kilimo, Earl Butz, aliwahimiza wapande ukingo hadi ukingo wa shamba. Wakakopa, wakanunua ardhi ya jirani na trekta kubwa zaidi. Miaka ya 1980 riba ikapanda, bei ikashuka, na watu wakasimama uani wakiangalia trekta zao zikipigwa mnada. Waliokopa sana kwa kutii ushauri ndio walioumia zaidi.

Turudi getini, maana huko ndiko kuna dawa, na dawa hiyo ilishawahi kupatikana hapo hapo mlimani. Mwaka 1933 kile chama cha wapanda kahawa kilizaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Ushirika ule haukugusa jembe la mtu yeyote. Kila mmoja alibaki na kihamba chake, na kilichounganishwa kilikuwa geti: mizani moja, ghala moja, sauti moja kwa mnunuzi. Kaya 72 zikawa saini moja. Kwa geti hilo zilijengwa shule, na Moshi ikapata Chuo cha Ushirika mwaka 1963. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika na kuweka mamlaka za mazao; vikarudi miaka ya 1980 vikiwa kama mgonjwa aliyetoka hospitali. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ukavunjika. Mwaka 1994 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na fedha taslimu mpaka mlangoni, na mzee aliyekuwa anasubiri malipo ya pili ya ushirika kwa miezi akauza. Ningekuwa yeye ningeuza pia. Kufikia 2001 kahawa iliuzwa soko la dunia chini ya senti 50 za dola kwa ratili (karibu nusu kilo), na watu wakang'oa mibuni au kuiacha izeeke. Februari 2025 bei hiyo ilivuka dola 4. Waliong'oa hawakuwa na cha kuuza.

Wenzetu wa Kenya kwenye chai walilishika geti vizuri zaidi. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo iliyoundwa mwaka 1964, leo KTDA, ina wakulima wadogo zaidi ya 600,000, na wengi wana vishamba vidogo kuliko chenu. Wanagombana na viongozi wao kila mwaka kuhusu bonasi, na wana haki. Lakini majani yanachumwa kwa mkono kwenye nusu ekari, kisha yanasagwa kwenye kiwanda kikubwa ambacho wao ndio wenye hisa. Udogo umebaki shambani na ukubwa umewekwa kwenye mashine, kila kimoja mahali pake.

Kaka yako atakuambia, "Lakini Brazili wanavuna kwa mashine." Kweli. Kule Minas Gerais, kwenye nyanda tambarare, mashine inatembea juu ya mstari wa mibuni ikiitikisa, na dereva mmoja anafanya kazi ya kijiji kizima. Kwenye mteremko wa Kibosho mashine hiyo itaishia mtoni. Kwa saa za kazi hamtamshinda Mbrazili hata mkikesha. Ila mwambie pia kaka kwamba nchi ya pili kwa kahawa duniani ni Vietnam, na huko walimaji ni familia zenye hekta moja au mbili. Miaka ya 1980 hakuna aliyewataja. Kwa hiyo anayesema kahawa imekufa kwetu kwa sababu mashamba ni madogo, aeleze kwanza Vietnam.

Kuna kitu kimoja hata hivyo ambacho kweli kinakiua kihamba kutoka ndani, na hakina uhusiano na Brazili wala Ulaya. Ni kugawana. Zamani kijana wa kwanza alikatiwa chake, wa mwisho akabaki nyumbani na wazazi, na waliobaki kati walikwenda kufungua ardhi mpya. Leo ardhi mpya haipo. Juu kuna hifadhi, iliyotangazwa tangu 1973; chini ni nyanda kavu zenye wenyewe. Watafiti waliopima mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta wastani wa kihamba ni hekta 0.68, kama ekari 1.7. Cha kwenu tayari kiko chini ya hapo. Gawanya kwa nne: kila mtu chini ya robo mbili za ekari. Kila mtu ajenge nyumba ya kufikia Krismasi, aweke uzio, njia ya gari na tangi la maji. Mtabaki na nyumba nne nzuri zinazofunguliwa siku kumi kwa mwaka na migomba sita ya mapambo. Ukipanda Kibosho mwezi wa tatu utaziona nyumba hizo, zimefungwa kufuli, na mlinzi anakula ndizi za kununua.

Sasa nikujibu kama baba, maana umeuliza mfanye nini.

Msigawane. Kama kijiji chenu bado ni kijiji na hakijaingizwa mjini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu haki miliki ya kimila kushikwa na familia, si lazima mtu mmoja mmoja. Nendeni kwa baraza la kijiji wazee wakiwa bado na nguvu ya kusema mbele ya mashahidi. Na dada zako wawemo kwenye karatasi kwa majina yao; mila ya kuwaruka imeshaleta kesi za kutosha.

Mtu wa parachichi sina ugomvi naye. Anachofanya ni kutengeneza geti moja kutoka vihamba vingi, na faida ya geti hilo ni kubwa. Muulizeni anawagawia kiasi gani cha faida hiyo, mkataba ni wa miaka mingapi, nani atalipia maji ya kiangazi, na nani atang'oa visiki ikiwa soko litageuka. Muulizeni pia kama lazima mringaringa ukatwe. Mteremko ule ukiuvua nguo, mvua ya masika mbili tatu zitapeleka udongo wa juu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na hiyo ni hasara ambayo Excel ya mtu yeyote haina safu yake. Kama mna shamba lingine kule chini porini la mahindi, mpeni hilo kwanza. Parachichi mbili tatu mpakani mnaweza kupanda wenyewe bila kumkodishia mtu.

Kahawa yenyewe, sidhani mnatakiwa kuipenda wala kuichukia. Mibuni ya mzee huenda ina umri wako au zaidi, na fungu kubwa la hiyo Sh 300,000 naamini linakwenda kwenye mrututu (dawa ya shaba) na dawa nyingine za magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wametoa aina zinazovumilia magonjwa yote mawili. Badilisheni theluthi moja kila mwaka, msing'oe yote kwa siku moja, ili mama asikae bila kitu akisubiri michanga ikue. Halafu chagueni: kama chama chenu cha msingi kinalipa kwa wakati, uzeni huko, kama kina madeni na maneno, kaeni na majirani kumi wanaoaminiana, muuze pamoja. Chama kimoja nilichokuwa mwanachama kilinila fedha za misimu miwili, na bado nasema bora geti la pamoja lenye kasoro kuliko kusimama na gunia lako peke yako mbele ya mwenye lori.

Na mwajiri kijana, kwa mshahara halisi, ninyi wanne mchangie. Hapo ndipo utaiandika kazi kwenye Excel kwa bei ya kweli, na huenda kihamba kikaonyesha hasara ndogo ya kweli. Mkubali au mkatae mkiwa mnajua mnanunua nini. Kihamba hiki hakitasomesha watoto wenu kama kilivyowasomesha ninyi, na atakayekuambia kitafanya hivyo anataka kukuuzia miche.

Jambo la mwisho, ambalo ningelisema mwanzo kama nisingeogopa utaacha kusoma. Excel yako yote ni kahawa. Kahawa ni ya baba. Huko kwetu mlimani ndivyo ilivyokuwa tangu ilipoanza kuleta fedha. Ndizi ni za mama. Mama yako umemwandika kwenye gharama, siku zake na Sh 8,000 zake, lakini kwenye mapato hayupo kabisa. Mikungu aliyoipeleka soko la Mbuyuni iko wapi? Maziwa ya ng'ombe wawili? Na Januari mliporudi Dar, buti la gari lilibeba nini, na mngekinunua Kariakoo kwa bei gani?

Nunua mizani ile ya kuning'iniza, si ghali. Disemba mkipanda, itundike kwenye boriti ya mlango wa jikoni na umwachie mama daftari. Kila mkungu unaokatwa upimwe kabla haujaliwa, haujauzwa, wala haujapewa jirani mwenye msiba. Mwezi mmoja tu unatosha kuanzia. Kisha nitumie jedwali jipya, na safu ya mama iwemo.